Mkia wa Silikanti

Picha ya kwanza kuletwa ilikuwa ya twiga. Ya pili ilikuwa ya simba dume aliyelala chini ya mgunga huku jua likizama nyuma yake, na ya tatu ilikuwa ya twiga tena. Tulikuwa tumetangaza misikitini, shuleni na kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani kwamba tungefanya maonyesho ya sanaa ya viumbe wa kwetu, na kwamba kila mkazi wa Tanga, mtoto kwa mtu mzima, alikaribishwa kuleta kazi ya mikono yake. Baada ya wiki mbili meza yangu ilikuwa imejaa wanyama wa Serengeti. Hapakuwa na pweza, hapakuwa na kasa, na hata kunguru, ambaye hutuamsha kila siku alfajiri, hakuna aliyemkumbuka.

Siwalaumu waliochora. Mtoto wa Tanga akishika brashi huchora kile alichokwisha kukiona kimechorwa, na michoro ya wanyama iliyoenea nchini kwetu ni ile iliyozaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 mikononi mwa Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru aliyechora kwenye vipande vya bodi kwa rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli. Namheshimu sana mtu yule, ambaye alifariki mwaka 1972 akiwa bado kijana na kuacha mtindo ambao umelisha familia nyingi hadi leo. Lakini mtindo huo ulikua kwa kumtazama mnunuzi, mnunuzi alikuwa mgeni, na mgeni alitaka tembo na chui. Ndiyo maana watoto wetu wanajua kupanga madoa ya twiga ambaye hawajawahi kumwona, ilhali hawajui kaa ana miguu mingapi, nao kaa wamejaa pale ufuoni Raskazone maji yanapotoka.

Tukabadilisha tangazo. Safari hii tuliomba kila mtu alete kiumbe aliyemwona kwa macho yake mwenyewe, na chini ya kazi yake aandike jina la kiumbe huyo kama anavyoitwa nyumbani kwao. Sharti hilo la pili niliona ni dogo wakati tukiliandika, lakini ndilo lililofanya maonyesho yale yawe kama yalivyokuwa.

Tulipewa madarasa mawili ya shule ya msingi wakati wa likizo. Hatukuwa na fedha za fremu, kwa hiyo tulinunua kamba za katani, tukazifunga kutoka dirisha hadi dirisha na kuning'iniza picha kwa vibanio vya nguo. Katani ilifaa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu uzi wake mkavu hauachii kibanio, na tena nilifurahi kwamba hata kilichobeba picha zetu kilikuwa kitu cha Tanga.

Kazi iliyowekwa katikati ya darasa la kwanza ilikuwa ya kijana mmoja fundi wa mabango, anayeishi kwa kuandika majina ya maduka na maneno ya nyuma ya daladala. Alikuwa amemchora silikanti, samaki adimu wa kina kirefu, kwenye bodi ndefu kuliko kimo chake, kwa rangi ya buluu iliyoiva na mabaka meupe yaliyotawanyika mwilini, na kwa kweli ilikuwa picha ya kumsimamisha mtu. Asubuhi ya siku ya ufunguzi, kabla hatujamaliza kufagia, alibisha hodi mzee mmoja mvuvi ambaye alikuwa amesikia habari zetu huko Dip Sii, wavuvi wanakoshushia samaki. Alipoamkiwa aliitikia, akasogea mbele ya ile bodi, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akamgeukia fundi na kumwambia kwa upole, "Mwanangu, samaki umempatia, lakini umemvika mkia wa nguru."

Kijana alikuwa ameuchora mkia wenye panda mbili, kama tulivyozoea kuuona kwa nguru na kolekole. Mzee aliomba chaki, akaenda ubaoni, na kwa mistari michache akauchora mkia jinsi alivyouona yeye: pezi pana juu, pezi pana chini, na katikati yake, pale ambapo samaki wengine wanaishia, kimkia cha tatu kidogo kinachochomoza nyuma kama ulimi. Halafu akachora mapezi ya ubavuni, ambayo hayaoti moja kwa moja mwilini bali yameshikwa na vigimba vya nyama, hata ukimtazama unaona kama samaki aliyekuwa anajiandaa kutembea. Alisema alipata kumpandisha mmoja usiku kwa jarife, wavu mkubwa wa papa unaoshushwa kwenye maji mengi, na kwamba taa ilipompiga machoni macho yaliwaka kijani kama ya paka. Nyama yake, alisema, ina mafuta mengi na haitamaniki.

Wasomaji ambao hawatoki pwani hii huenda hawajui uzito wa jambo hilo. Hadi mwaka 1938 wataalamu wa dunia nzima waliamini kwamba jamii ya silikanti ilikwisha kutoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, kwa kuwa walikuwa wakiijua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu. Mwaka huo mmoja alinaswa na meli ya uvuvi huko Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akitunza makumbusho madogo ya mji wa East London, ndiye aliyetambua kwamba mbele yake kulikuwa na kitu kisicho cha kawaida. Hapa Tanzania alipatikana upande wa Kilwa mwaka 2003, na kuanzia mwaka uliofuata majarife ya wavuvi wa Tanga yakawa yanawaleta mmoja baada ya mwingine, mpaka mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 552, kutoka Mto Pangani kuelekea kaskazini. Vitabu vimeandika mengi kuhusu samaki huyu, lakini siku ile mwenye ujuzi alikuwa mzee aliyesimama mbele yetu na vumbi la chaki vidoleni.

Fundi hakubishana. Aliishusha bodi, akaupiga msasa ule mkia wote, akauchora upya huku mzee akiwa amekaa kwenye dawati la mtoto akimwelekeza, na wageni walipoanza kuingia saa nne rangi ilikuwa bado mbichi, ikabidi tumweke mtu wa kuzuia mikono ya watoto. Mchoro wa chaki tuliuacha ubaoni siku zote tatu. Kwa maoni yangu ndio uliokuwa kazi bora kuliko zote zilizokuwemo.

Kutoka Amani, kwenye misitu ya Usambara Mashariki, mwanafunzi mmoja wa sekondari alileta kinyonga aliyechorwa kwa penseli peke yake. Wanawake wawili walipomwona walirudi nyuma, kwa maana wengi wetu tumelelewa kumwogopa kinyonga na kumhesabu kuwa mkosi. Binti hakuchoka kuwaita wasogee. Alikuwa amehesabu vidole: mguu wa mbele umefungwa vidole vitatu kwa ndani na viwili kwa nje, na mguu wa nyuma umefungwa kinyume chake, viwili ndani na vitatu nje, ili mnyama aweze kukibana kijiti kama koleo. Nilimweleza jambo ambalo alikuwa hajalisikia, kwamba mwaka 2006 wataalamu walipotenga jenasi mpya, yaani kundi la viumbe wa ukoo wa karibu, ya vinyonga wa Afrika Mashariki, ambao baadhi yao hawapatikani popote duniani isipokuwa milima hiyo ya Usambara anakotoka yeye, waliipa jenasi hiyo jina la Kinyonga. Neno letu lilelile, bila kugeuzwa, limo katika vitabu vya elimu ya viumbe. Aliomba penseli, akaliongeza jina hilo chini ya mchoro wake kwa herufi kubwa.

Palikuwa na kazi ambayo haikuchorwa kabisa. Bi mmoja msusi wa mikeka, mwenyeji wa Ushongo kule Pangani, alikuwa amesuka kasa wawili kwa ukindu, kila mmoja akiwa na ukubwa wa ungo. Mwanzoni nilidhani ni kasa wa aina moja waliotiwa rangi tofauti. Aliniambia nipitishe mkono. Mgongo wa mmoja ulikuwa laini, vipande vyake vimekutana kingo kwa kingo, na wa pili ulinikwaruza, kwa sababu kila kipande kilikuwa kimekilalia kinachofuata kama makuti yanavyopandana juu ya paa. Huyo wa pili alikuwa ng'amba, na hivyo ndivyo gamba lake lilivyo hasa, gamba ambalo kwa karne nyingi limemponza kwa kuwindwa ili watu watengeneze vitana na mapambo.

Bi huyo alikumbuka Maziwe ilipokuwa kisiwa chenye miti. Maziwe ilifanywa hifadhi mwaka 1975, nayo ilikuwa mahali pakuu pa kasa kutaga, lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha na kisiwa kikabaki fungu la mchanga ambalo maji hulifunika yakijaa sana. Kasa hawakuacha kwenda. Wanataga palepale walipozoea kutaga, na mayai yangesombwa kama si watu kuyachimbua kwa uangalifu, kuyavusha kwa mashua na kuyafukia upya katika ufuo wa Ushongo. Nilimuuliza kwa nini hakusuka na mayai. Akanijibu kwamba mayai hayaonyeshwi.

Nyingine nitazitaja kwa haraka, ingawa zinastahili zaidi. Vijana walileta popo wa mapango ya Amboni waliotengenezwa kwa mpira wa tairi za baiskeli. Wanafunzi wa darasa la sita walichora mikoko na kuandika mchu, mkandaa, msinzi na mlilana, kila mti na mizizi yake, wasiichanganye hata mmoja. Mtu mmoja alichora matumbawe yaliyovunjwa na baruti, yote kwa rangi ya kijivu, na wavuvi waliopita mbele ya picha ile hawakusema kitu. Pia kulikuwa na kitambaa kilichotariziwa ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara, lile ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao mwaka 1892, likapewa jina la ukoo wake mwaka uliofuata, na ambalo leo hukaa kwenye vyungu madirishani Ulaya nzima. Hakuna aliyekuwepo aliyeweza kulitaja kwa Kiswahili. Tuliiacha nafasi ya jina wazi, na nafasi hiyo iliniuma kila nilipopita.

Yapo yaliyonisikitisha zaidi. Chumba cha pili kilikuwa na joto kali, na watu wengi walikipita upesi bila kusoma chochote. Vibandiko vya majina tuliviandika kwa herufi ndogo mno kwa wazee, na hilo ni kosa ambalo sitalirudia, kwa sababu wazee ndio waliokuwa na mengi ya kusahihisha.

Siku ya tatu jioni, tukiwa tumeanza kufungua kamba, aliingia mbio yule mtoto wa twiga wa kwanza, karatasi ikiwa imekunjwa ndani ya daftari. Alikuwa amemchora mjusi kafiri wa ukuta wa jikoni kwao. Mwili ulikuwa na rangi ya unga, macho makubwa yasiyo na kope, na mkia ulikuwa kisiki kifupi chenye ncha iliyofifia. Nilimuuliza kama karatasi ilimwishia. Akasema hapana, paka wao aliukata wiki iliyopita na sasa unaota mwingine, nao ulikuwa umefika hapo. Tukaifunga tena kamba moja.