Sekunde 10 zilizokesha hadi asubuhi

Ukiambiwa "weka timeout=10, basi," yaani kikomo cha kungoja cha sekunde 10, usiamini. Mimi niliamini.

Nina skripti ya Python inayovuta orodha ya bei kutoka seva ya muuzaji wa jumla, kila siku saa nane usiku. Asubuhi moja naamka, faili hakuna. Skripti haijafa wala haijalalamika, imekaa tu inangoja. Kumbe requests, maktaba ya Python ninayovutia data mtandaoni, usipoipa kikomo, inangoja mpaka kiama. (httpx, maktaba nyingine ya kazi hiyo hiyo, huja na sekunde 5 zake tayari, ila mimi na requests tumetoka mbali.)

Ndipo mwenzangu, aliyenitangulia kwenye kazi hizi, akanipa hiyo timeout=10 yake. Usiku wa tatu ikaganda tena.

Jumamosi nikaunda seva ya uongo kwenye laptop: kazi yake kutoa baiti moja kila sekunde 5, kama bomba la mtaa siku ya mgao. Nikaielekeza skripti huko, nikaenda kuchemsha chai. Narudi, bado inakinga. Nimemaliza vitumbua vitatu, bado! Zile sekunde 10 ni za ukimya kati ya tone na tone, si za kujaza ndoo. Tone likidondoka, hesabu inaanza upya. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia.

Nikajiona mjanja: stream=True, nasoma kipande kwa kipande, kila kipande natazama saa. Wapi! Nilikuwa nimeomba vipande vya baiti 8192, na kwa mwendo ule kipande cha kwanza kingekamilika baada ya saa 11 na ushee. Saa yangu haikutazamwa hata mara moja.

Kilichoniokoa hakimo hata ndani ya Python. Linux ina amri iitwayo timeout; kwenye crontab, ratiba inayoamsha skripti kila usiku, nikaandika timeout 180 mbele ya python3. Dakika tatu zikiisha inaiua skripti, na kuacha namba 124, ishara kwamba muda uliisha, nami napata ujumbe. Faili naandika kwanza kwa jina la muda, nisije nikabaki na nusu orodha. Ndani ya requests nimeacha (3.05, 10), ya kwanza ya kuunganisha, ya pili ya kusoma. Hiyo 3.05 si uchawi: zamani TCP, itifaki inayounganisha kompyuta mbili, kwa desturi ilirudia kubisha hodi baada ya sekunde 3 (tangu 2011 kiwango ni sekunde 1), ukaipa nafasi kidogo.

Juzi mwenzangu kaniomba ule mstari wa crontab. Nimempa bila kumkumbusha lolote. Karibu bila.