Kabla ya kusuka mkeka: kila beti inahesabu nini

Mechi inayofaa kuliko zote kumfundishia mtu aina za beti ni fainali ya Kombe la Dunia ya 2022, Argentina na Ufaransa. Messi alifunga penalti dakika ya 23, Di María akaongeza dakika ya 36, mapumziko 2-0. Mbappé akarudisha yote mawili, dakika ya 80 kwa penalti na ya 81. Dakika 90 zikaisha 2-2. Kwenye muda wa nyongeza Messi akafunga dakika ya 108, Mbappé akasawazisha kwa penalti dakika ya 118, halafu Argentina wakashinda kwa matuta 4-2.

Aliyeipa Argentina 1 kwenye 1X2 (1 ni timu ya kwanza kushinda, X ni sare, 2 ni ya pili), mkeka wake, yaani tiketi yake ya beti, ulichanika, kombe likiwa mikononi mwa Messi. Beti ya 1X2 inahesabu dakika 90 na zile za majeruhi basi. Zile dakika 30 za nyongeza na matuta havimo. Ukitaka timu ipite kwa njia yoyote, tafuta soko la kufuzu au la kubeba kombe, na ukubali odi (namba inayozidishwa na dau lako) ndogo zaidi.

Sasa pitisha masoko mengine kwenye mechi hiyohiyo. Dabo chansi, yaani matokeo mawili kwa beti moja, ya 1X na ya X2 zote zililipa. Ya 12, yaani yeyote ashinde mradi isiwe sare, ilichanika. Dro no beti, ambayo sare huifuta, ilirudisha dau, kwa timu yoyote uliyoichagua. GG, yaani timu zote mbili zifunge, ililipa. Ova 3.5, yaani mabao manne au zaidi, ililipa, lakini ova 4.5 haikulipa japokuwa watu waliona mabao sita kwenye televisheni, maana mawili ya mwisho yalikuja baada ya dakika 90. Nusu ya kwanza na matokeo kamili ilikuwa 1/X, Argentina mbele mapumzikoni na sare mwishoni, jambo ambalo hutokea mara chache na ndiyo maana odi yake hupaa. Na ile ya kushinda nusu yoyote? Argentina walishinda ya kwanza 2-0, Ufaransa wakashinda ya pili 2-0, kwa hiyo zote mbili zililipa katika mechi ya sare. Hata hat-trick ya Mbappé, kwa kampuni zinazohesabu wachezaji kwa dakika 90, haikuwepo.

Kwa hiyo jambo la kwanza kusoma ni kanuni za soko. Odi zinafuata.

Odi yenyewe ni bei, na ndani ya bei kuna faida ya muuzaji. Chukua mechi yenye 1.80, 3.50 na 4.60. Gawa 1 kwa kila odi: unapata asilimia 55.6, 28.6 na 21.7. Jumla ni 105.9, ilhali uwezekano wote wa mechi hauwezi kuzidi 100. Hiyo 5.9 ya juu ni ya kampuni. Ukifanya hesabu hii kwenye masoko tofauti ya mechi moja utagundua kwamba makato hayalingani: matokeo halisi (2-1, 3-0 na kadhalika) na mfungaji wa kwanza kwa kawaida hukatwa zaidi kuliko 1X2 au ova na anda (mabao chini ya kiwango).

Dabo chansi na dro no beti unaweza kuzitengeneza mwenyewe, kisha ukalinganisha na bei waliyoweka. Tuseme mwenyeji ana 2.50 na sare ni 3.20. Kwa dro no beti yenye dau la shilingi 10,000, gawa 10,000 kwa 3.20, unapata 3,125. Hiyo iweke kwenye sare. Zinazobaki, 6,875, ziweke kwa mwenyeji. Ikitoka sare, 10,000 yako imerudi. Mwenyeji akishinda unapata 17,187, sawa na odi ya 1.72 hivi. Kampuni ikikuuzia dro no beti hiyo kwa 1.62, unalipia urahisi wa kubonyeza kitufe kimoja.

Handikapu, yaani timu kupunguziwa au kuongezewa mabao kwenye hesabu, ndiyo inayochanganya wengi, kwa sababu ziko mbili zenye sura moja. Ile ya njia tatu: Yanga -1, wakishinda kwa bao moja inahesabiwa sare na umepoteza. Handikapu ya Kiasia: Yanga -1, wakishinda kwa bao moja dau linarudi. Halafu kuna za robo. Yanga -0.75 maana yake dau limekatwa vipande viwili, nusu kwenye -0.5 na nusu kwenye -1. Umeweka 10,000 kwa odi ya 1.90, wameshinda 1-0: nusu ya kwanza inalipa 9,500, nusu ya pili inarudi 5,000, jumla 14,500. Kwenye -1.25 matokeo hayohayo yangekurudishia 5,000 tu. Ova 2.25 inafanya kazi vilevile: mabao mawili kamili, unapoteza nusu ya dau.

Tuje kwenye mkeka, maana huko ndiko fedha nyingi zinakoishia. Watu hupenda kukusanya timu kumi za odi 1.25 kwa kuwa kila moja inaonekana ya uhakika. Odi ya jumla ni 9.31. Lakini 1.25 inamaanisha asilimia 80 kabla ya kutoa faida ya kampuni. Ukiitoa, kwa makato yaleyale ya mfano wa juu, inabaki kama 75.6. Zidisha hiyo mara kumi: nafasi ya mkeka mzima kupita ni asilimia 6 hivi. Makato nayo yanazidishana kama odi. Kwenye mechi moja, katika kila 100 unayoweka, kwa wastani hurudi 94; kwenye mkeka wa mechi kumi hurudi kama 57. Bonasi ya mkeka mrefu inatolewa na mtu anayeijua hesabu hii vizuri.

Beti ya sistimu inapunguza machungu, na ina mtego wake. Sistimu ya 2/3 ni mechi tatu zilizopangwa jozi tatu, kwa hiyo "dau la 1,000" ni 3,000. Zikipita mbili za odi 1.50, jozi moja inalipa 2,250. Umepatia mbili kati ya tatu na bado umepoteza 750. Ili mbili zirudishe fedha yako, kila odi ivuke 1.73.

Keshi auti ni kuuza tiketi kabla ya mwisho. Mkeka utakaolipa 60,000 umebaki mechi moja ambayo odi yake kwa sasa ni 2.00: 60,000 gawa kwa 2.00 ni 30,000. Wakikupa 24,000, makato yao yako hapo, na yanakuja juu ya yale ya mwanzo.

Jakpoti ya mechi 13, unayobashiri 1, X au 2 kwa kila mechi, ina mipangilio 1,594,323. Ya mechi 17 ina zaidi ya milioni 129. Sina la kuongeza.

Mechi ikiahirishwa au ikivunjika, kwa kawaida odi yake inageuzwa 1.00 na mkeka unaendelea na zilizobaki. Muda wa kusubiri ndio unaotofautiana: kampuni moja inafuta baada ya saa 24, nyingine inangoja 48 au zaidi. Mvua ikiharibu uwanja Jumamosi na mechi ikapigwa Jumatatu jioni, tiketi mbili zinazofanana kwa kampuni mbili zinaweza kulipwa tofauti.