Reli Tatu za Strasburg

Nilipotoka nje saa moja asubuhi, Mzee alikuwa ameshakaa kwenye ngazi za nyumba yake, kofia nyekundu ya Phillies, timu ya besiboli ya mji wetu, kichwani, kahawa mkononi. Ni jirani yangu hapa Philadelphia, ana miaka 77, na tangu macho yaanze kumsumbua haendeshi tena. Aliniomba Jumamosi moja tu. "Nikuonyeshe vitu vitatu, kijana, halafu sitakusumbua tena." Uongo mtupu. Siku hizi nampeleka mpaka kwa kinyozi.

Pa kwanza hapakuwa mbali: kona ya Mtaa wa 21 na Lehigh. Mimi niliona kanisa kubwa na maegesho ya magari. Yeye aliona uwanja wa besiboli. Hapo ndipo ulipokuwa Shibe Park tangu 1909, ukaja kuitwa Connie Mack Stadium, mpaka mechi ya mwisho ya Oktoba 1970, ambapo mashabiki walirudi nyumbani wamebeba viti. Ubao wa kiti kimojawapo uko kwa Mzee, kwenye chumba cha chini. Nimeushika, rangi imebabuka, msumari mmoja bado umo.

Lakini hakunileta kwa ajili ya viti. Alinileta kwa ajili ya Dick Allen wa Phillies, ambaye mwaka 1964 alikuwa mchezaji chipukizi bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili kuu za besiboli. Gongo lake lilizidi kilo moja, na mipira mingine aliipiga ikaruka juu ya paa la jukwaa ikaangukia mtaani. Alikuwa Mweusi, kama Mzee, katika mji ambao haukujua kumpenda. Mashabiki wa timu yake wenyewe walimzomea na kumrushia vitu, hata akawa anavaa kofia ngumu akiwa anacheza ulinzi, wakati ambao wenzake walivaa kofia za kitambaa. Mwaka 1969 akaanza kuandika maneno kwenye vumbi kwa kiatu, wakubwa wa ligi wakamkataza, akaendelea. Mzee alinionyesha jinsi alivyoburuta mguu: hivi, na hivi. Kwenye lami hakikuandikika kitu.

Kuingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown, Allen alipungukiwa kura moja. Mara ya pili, kura moja tena, naye alikuwa ameshafariki, Desemba 2020. Walimpitisha Desemba 2024. Mzee akifika hapo hamalizii. Alifungua mlango wa gari akakaa.

Pa pili, mji wa West Chester, hatukushuka hata garini. Tulipita taratibu mbele ya jengo lililokuwa makao makuu ya Commodore, kampuni ya kompyuta, ambalo sasa ni la kampuni ya kuuza bidhaa kupitia televisheni. Kompyuta yao ya nyumbani, Commodore 64, ilitoka 1982 kwa dola 595, ikashuka bei haraka, na Krismasi ya 1983 Mzee akamnunulia mwanawe. Ukiiwasha, skrini ya bluu inakwambia una baiti 38911 za kutumia. Namba hiyo anaitaja kama wengine wanavyotaja namba ya simu ya mchumba wa zamani. Michezo ilikuwa kwenye kaseti. "Unabonyeza, unakaanga mayai, unakula, unaosha sahani, bado inapakia!"

Nikamwambia kwetu Tanzania serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na televisheni Bara zilianza 1994, mwaka uleule Commodore ilipofilisika. Alicheka mpaka akapaliwa na kahawa.

Pa tatu, Strasburg, ni mashambani, kwenye nchi ya Waamish, Wakristo wasiomiliki magari, na farasi wanaovuta vigari walitupunguza mwendo. Jumba la makumbusho ya treni za kuchezea lina mabamba makubwa ya mbao yenye miji midogo juu yake, na vitufe ambavyo mgeni anaruhusiwa kubonyeza. Watoto walikuwa wanne. Wazee, sikuhesabu.

Mimi ni mtoto wa Tabora, mahali reli inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, kwa hiyo kosa niliona mara moja: treni za Lionel, kampuni ya treni za kuchezea, zinakimbia juu ya reli tatu. "Ya katikati ndiyo inayoleta umeme," Mzee akanijibu bila kugeuka. Alikuwa ameinama, pua karibu na kioo, akisubiri kichwa cheusi kilichokuwa kinatoa moshi. Moshi wenyewe ni kidonge kinachoyeyushwa kwa joto ndani ya bomba. Lionel waliuanzisha 1946. Kikapita. Akavuta pumzi, akafumba macho. Akabonyeza tena. Nadhani alibonyeza mara kumi na tano, na mvulana mmoja nyuma yetu akaanza kulalamika kwa mama yake.

Njiani akaniuliza utotoni mimi nilikuwa na treni ya namna gani. Nikamweleza: makopo matano ya samaki yaliyounganishwa kwa waya, magurudumu yamekatwa kwenye ndala kuukuu, kamba mbele. Akataka kujua ndala ni nini. Akataka kujua tundu la ekseli tulitoboaje. Kwa msumari wa moto, nikamwambia. Akanyamaza hadi tulipoingia mjini.

Jumatano iliyofuata alibisha mlango, mfuko wa plastiki mkononi. Ndani mlikuwa na makopo matano ya dagaa. Aliyaosha, lakini yalikuwa bado yananuka.