Sabufa nzima, chumba ndio kinavuma

Watu wengi besi ikianza kuvuma mpaka vikombe kabatini vinagongana wanawaza kubadilisha sabufa, na mafundi wetu nao ukimwita tu "bro hii imechoka, tafuta nyingine", wakati mara nyingi spika haina shida yoyote, shida ni chumba.

Chukua changu hapa Makorora, Tanga. Mraba, mita 3.6 kwa 3.6, tofali za simenti, chini vigae, yaani hakuna kitu cha kumeza sauti. Kwa joto letu hili sauti inakwenda kama mita 348 kwa sekunde, gawa kwa urefu wa chumba mara mbili unapata hezi 48 hivi, yaani mitetemo 48 kwa sekunde, hapo ndipo wimbi linagonga ukuta linarudi linakutana na linalokuja na vyote vinajazana. Na kwa vile ni mraba upana nao unavuma hapohapo, inakuwa balaa juu ya balaa. Sasa noti ya G ya chini ya gitaa la besi ni hezi 49! Ngoma za zamani za Atomic Jazz hazinisumbui sana maana rekodi zile besi ya chini kabisa ni haba, ila weka taarab ya kisasa, besi ikitua kwenye G nyumba nzima inaguna, noti nyingine zinapita kistaarabu tu.

Trei za mayai jamani tuache. Wimbi la hezi 48 lina urefu wa mita 7 na zaidi, kikaratasi kile kitalifanya nini? Kitapunguza ukali wa juu kidogo, basi, halafu chumba kinakuwa kizito zaidi kwenye besi kuliko mwanzo. Godoro nene la sufi likisimamishwa konani lina afadhali, ila faida yake kubwa utaisikia kwenye hezi mia na kuendelea, huku chini ni kidogo mno.

Kilichosaidia kweli hakina gharama. Toa sabufa konani, kona inaibusti besi kuliko sehemu yoyote ya chumba. Halafu iweke pale unapokaa wewe, juu ya kiti kabisa, piga ngoma yenye besi inayotembea, we tambaa chini pembeni ya kuta (funga mlango watoto wasikuone) na pale utakaposikia noti zote zinalingana ndio iweke sabufa. Kiti chako nacho kisigusane na ukuta wa nyuma, hapo mvumo uko juu kabisa, na katikati ya chumba besi inapotea, kwa hiyo mimi nimekaa kama mita 1.4 kutoka nyuma. Mlango ukiwa wazi pia inapungua, ila majirani watakuja.

Ikwalaiza, ile ya kuongeza na kupunguza besi au sauti za juu, iwe ya mwisho. Pima kwa REW, programu ya bure ya kompyuta, ukiwa na maiki, uone kilima, yaani hezi zinazovuma kupita kiasi, kiko wapi, kata hapohapo tu, desibeli chache. Mabonde, pale sauti inapozama, usijaribu kuyajaza, pale mawimbi yanauana yenyewe, utapasha ampu moto bure.

Kwangu G bado inasikika nene kidogo lakini haigunishi nyumba tena. Mgeni akivuta kiti mpaka ukutani halafu akalalamika besi nzito, namwambia sogea mbele.