Jinsi nilivyookoa muda wangu wa kuandika
Kila niliposhika simu kutafuta wazo la kuandika, mitandao ya kijamii ilinimeza. Kurasa zake hazina mwisho: ukifika chini, zinajiongeza zenyewe. Kuzima arifa kulisaidia kidogo tu.

Dawa ilikuwa RSS, teknolojia ya tangu 1999 ya kupokea makala mpya za tovuti mbalimbali mahali pamoja, ambayo wengi wameisahau, na inasikitisha, kwa sababu bado inafanya kazi vizuri mno. Niliweka programu ya kuisomea, nikaingiza anwani za tovuti za waandishi ninaowapenda. Sasa makala zao hunijia kwa mpangilio wa tarehe, hakuna algoriti ya kunichagulia, na zikiisha zimeisha. Programu za mitandao nilizifuta kwenye simu. Naingia kwa kompyuta, tena nikishaandika. Rasimu zilizokuwa zimelala zinakamilika.