Siku Mjomba Alipopigwa na Jua Kisauni

Mjomba wangu alikuwa amerudi kutoka Limuru siku chache tu kabla ya kazi ile ya Kisauni. Alikuwa amekaa huko bara miezi kadhaa akijenga nyumba katika baridi ya milimani, mahali ambapo mafundi huanza siku wakiwa wamevaa makoti, na aliporudi hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba jua la Mombasa lingeweza kumdhuru mzaliwa wa Kibokoni. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi, mwaka 2003. Yeye alikuwa fundi mkuu na mimi kibarua wake, na siku hiyo tulikuwa tunamwaga slabu ya ghorofa ya kwanza. Kazi hiyo haina kusimama, kwa sababu zege likiachwa nusu, upande uliotangulia hushika na ule unaofuata hauungani nao vizuri. Kwa hiyo makarai hupita mkono kwa mkono tangu asubuhi, na anayetaka kupumzika huwachelewesha wenzake wote.

Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, na katika siku zile za Machi jua la mchana hupita utosini kabisa, hata yapata saa sita na nusu kivuli cha mtu hujikusanya chini ya nyayo zake. Ndio mwisho wa kaskazi, upepo unapolegea kabla ya masika, na joto la kivulini hufikia nyuzijoto 32 au 33. Kwa nambari hizo peke yake mji wetu si wa kutisha, maana iko miji ya jangwani inayopita 45. Kinachotutesa sisi ni unyevu wa bahari. Lita 1 ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa joto la takriban kilokalori 580, lakini ni lazima ikauke. Jasho linalotiririka hadi kwenye viatu ni maji na chumvi iliyopotea bure. Juu ya slabu ile sote tulikuwa tumelowa kana kwamba tumetoka kuogelea, na hakuna aliyepoa.

Dalili ya kwanza kwa mjomba haikuwa ya mwili. Alinyamaza. Alikuwa mtu wa kuendesha kazi kwa maneno mazuri, akimwita kila kijana "mwanangu" na kumsifu aliyesawazisha vizuri, na kabla ya adhuhuri maneno hayo yalikatika. Nilipomuuliza kama tuongeze kokoto, alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kujibu, na jibu lake halikuhusu kokoto. Niliona vipele vya baridi vimemsimama mikononi, katikati ya jua lile. Kisha akaanza kumfokea kibarua mmoja kwamba amemwibia pima maji, kifaa chake cha kupimia usawa, akamtukana kwa matusi ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake, na muda wote huo pima maji lenyewe alikuwa amelishika mkono wa kushoto, amelikaza mpaka vidole vimebadilika rangi.

"Mjomba, si hilo hapo mkononi?" nilimwambia.

Alilitazama na hakulitambua. Akageuka, akatembea kuelekea ukingo wa slabu kama mtu anayevuka barabara tupu. Wawili wetu tulimdaka, na hapo ndipo miguu ilipomwishia nguvu.

Tulipomteremsha, mmoja alisema amelewa, na neno hilo liliniuma kwa sababu mjomba hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Mwingine alisema ana pepo, akaanza kumsomea. Msimamizi alishikilia kwamba haiwezi kuwa jua, kwani shati lake lilikuwa bado linachuruzika jasho, na yeye alijua kwamba aliyepigwa na jua hukauka ngozi. Imani hiyo ameishikilia kila mtu niliyewahi kuzungumza naye kuhusu jambo hili, na ni ya hatari. Mzee aliyekaa ndani ya chumba chenye joto kwa siku nyingi huweza kuacha kutoka jasho, lakini mtu anayezidiwa akiwa kazini mara nyingi huanguka akiwa bado amelowa. Alama ya kuangaliwa ni akili: anayefanya kazi juani akachanganyikiwa, akagomba bila sababu au akashindwa kujibu swali jepesi, tayari yumo hatarini.

Aliyemwokoa ni mama mmoja, nesi mstaafu, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili. Alitoka amejifunga leso, akamgusa mjomba kifuani, akasema, "Huyu anaungua. Mvueni shati, mtieni kivulini, na nataka maji na barafu sasa hivi." Kijana mmoja alikuwa amekwisha kuleta vidonge vya homa, akavikataa. Baadaye nilielewa sababu yake. Katika homa ya ugonjwa, ubongo wenyewe umeamua kuupandisha mwili joto, na dawa huushawishi ubongo uache. Aliyepigwa na jua ubongo wake haujaamua lolote, ila joto limemzidi, na kidonge hakina pa kushika. Alitukataza pia kumnywesha maji, kwa kuwa mtu asiye na fahamu sawasawa huweza kupaliwa.

Barafu tuliipata kwa muuza samaki, ikiwa bado na magamba. Tulimlaza mjomba chini ya mwarobaini, tukamfunika leso mbili zilizoloweshwa na kuziloweka tena kila zilipopata vuguvugu, tukamwekea mabonge ya barafu kwapani, shingoni na kwenye mapaja kwa juu, huku vijana wawili wakimpepea kwa vipepeo vya kuchochea makaa na kipande cha boksi la misumari. Msimamizi alitaka tumpakie garini papo hapo. Mama yule akamjibu kwamba gari litafutwe, lakini kupoza kusisimame hata dakika moja. Nashukuru mpaka leo kwamba alikuwa na sauti ya kutiiwa. Mwili wa binadamu hufanya kazi karibu na nyuzijoto 37. Ukipita 40 chembe za ubongo huanza kushindwa kazi yake, na madhara hutegemea zaidi muda ambao mtu amekaa katika joto hilo.

Hospitalini mjomba alikojoa mkojo wenye rangi ya turungi. Daktari alitueleza kwamba misuli iliyoumizwa na joto humwaga protini yake ndani ya damu na figo hulemewa kuichuja, kwa hiyo alilazwa na kutiwa maji ya mshipani mpaka mkojo ukarudi rangi yake. Daktari huyo ndiye aliyeuliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: alikuwa wapi kabla ya kazi hii? Aliposikia Limuru, alitikisa kichwa. Mwili huzoea joto kwa siku 7 hadi 14, ukajifunza kutoa jasho mapema zaidi na kubakiza chumvi, na moyo ukapunguza mbio. Lakini mazoea hayo hupotea ndani ya wiki chache za kuishi kwenye baridi. Kuzaliwa Kibokoni hakukumsaidia kitu.

Nyumbani, shangazi zangu walimfungia katika chumba cha ndani, mapazia yameshushwa, kwa hofu ya jua. Huko akaanza kulala mchana na kukesha usiku, akawa mzito wa kuongea na mwepesi wa kulia. Daktari alipopata habari alituagiza tumtoe nje alfajiri mpaka kama saa mbili, kabla jua halijawa kali, kwa kuwa ndani ya jicho zimo chembe zinazopima mwanga na kuujulisha ubongo kwamba siku imeanza, na bila taarifa hiyo saa ya mwili hulegea na usingizi na moyo wa mtu huvurugika pamoja nayo. Tukawa tunamkalisha barazani na kahawa yake, wapita njia wakimsabahi. Usingizi wake wa usiku ulirudi polepole, na mazungumzo yakafuata.

Ya saa zile za slabu hakuyakumbuka kabisa. Alinitaka nimsimulie zaidi ya mara moja, hasa habari ya pima maji, kisha akaenda kumtafuta yule kibarua aliyemtukana na kumwomba radhi.

Aliporudi kazini, baada ya miezi, alikubali slabu kwa masharti yake: kumwaga kuanze saa kumi na moja alfajiri, maji na chumvi kidogo yawepo, na kila mfanyakazi awe na mwenzake wa kumsemesha kila mara. Wenye nyumba wengine walikataa, naye akaziacha kazi zao. Na kijana yeyote aliyekuja kuomba kibarua aliulizwa kwanza ametoka wapi na lini. Aliyeteremka kutoka bara chini ya wiki mbili alipewa kukata nondo chini ya mabati, kwa ujira uleule wa walio juu.