Ninavyochuja majina kabla kontena halijatoka Kilindini

Ofisi yetu ni ya mawakala wa forodha, na mizigo yetu mingi ni ya kupita tu: Uganda, Sudan Kusini, Congo. Vikwazo wanavyowekewa mafisadi na watesaji wa nchi nyingine hutufikia mezani kama jina kwenye BL, hati ya usafirishaji wa mzigo melini.

Marekani hutumia Sheria ya Magnitsky ya 2016, iliyopewa jina la Sergei Magnitsky, mtaalamu wa kodi aliyefia rumande Moscow mwaka 2009 baada ya kufichua wizi wa dola milioni 230. Uingereza ilitunga kanuni zake za haki za binadamu 2020, na za ufisadi 2021. Naziunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu zinambana mhusika mwenyewe na kuwaacha raia wenzake wakiendelea na biashara. Desemba 2017 Marekani iliwaorodhesha Yahya Jammeh wa Gambia na Benjamin Bol Mel wa Sudan Kusini, ambaye kampuni yake inadaiwa ilipewa kandarasi za makumi ya mamilioni ya dola kwa upendeleo. Dawa za misaada za kwenda Juba tunaziondoa sisi hapa bandarini. Najua pesa kama hizo zingenunua nini.

Orodha ya waliowekewa vikwazo iko wazi kwenye tovuti ya Hazina ya Marekani. Jina nalitafuta kwa kila tahajia: Mohamed, Muhammad, Mohammed. Likilingana sikimbilii kumkataa mteja. Natazama tarehe ya kuzaliwa na pasipoti. Pwani hii akina Ali Mohamed ni wengi mno, na si haki mtu akwamishiwe mzigo kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Penye kazi hasa ni kampuni. Walioorodheshwa wakimiliki nusu ya hisa au zaidi, hata kwa kujumlishwa, kampuni nayo imezuiwa ijapokuwa jina lake halimo. Ya Kenya naiombea CR12, hati rasmi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Ya nje, hati za usajili za huko kwao.

Kuna mteja aliyeleta vipuri vya mitambo ya barabara. Kampuni safi, karatasi safi. Ndani ya hati nikakuta wenye hisa wawili, mmoja asilimia 30, mwingine 25. Wote wamo orodhani.

"Mwanangu, sisi tuko Mombasa, si Marekani," bosi akaniambia.

"Ni kweli, mzee. Lakini analipa kwa dola, na dola zitapitia benki za New York. Zikizuiliwa huko, jina letu limo."

Akampigia wakili wetu simu pale pale. Jioni tukamrudishia mteja karatasi zake.

Orodha hubadilika: wengine huongezwa, wengine huomba kuondolewa wakakubaliwa. Kwa hiyo nachuja karatasi zinapoingia, na nachuja tena kabla lori halijapakia.